Kishona Nguo Kwenye Ukoka: Mwongozo kwa Mwenye Bustani Mpya wa Nanyala

Hongera kwa kujenga. Tofali za kuchoma zimesimama, bati la rangi limelala vizuri, geti limechomelewa maua ya chuma, na sasa, mbele ya baraza, umeamua kuwa na kitu ambacho baba yako hakukihitaji na babu yako angekuombea dua akikiona: majani yanayopandwa makusudi ili yakatwe. Kwa Nanyala, kata ya Mbozi ambako mahindi hulimwa mpaka karibu yaguse lami, uamuzi huo unataka moyo. Malori yanayotoka Tunduma kwenda Dar es Salaam yatapita usiku na mchana, na kila utingo atakayechungulia kwenye geti lako atajiuliza ng'ombe wako wamekwenda wapi.

Usimjali. Wewe sasa ni mwenye bustani, na mwenye bustani lazima awe na adui, la sivyo jioni atakaa barazani na kukosa la kufanya. Adui wako ni kishona nguo. Wataalamu hukiandika Bidens pilosa, kama Linnaeus alivyokisajili mwaka 1753, na asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. Mwongozo huu utakufundisha kukitambua, kukichukia kadiri ya kipato chako, na kukitoa.

Kabla ya adui, bustani

Kishona nguo hakikusumbui kama huna bustani. Hili huwa halisemwi dukani. Uwanja wa zamani, ule unaofagiliwa kila alfajiri mpaka udongo unang'aa, hauna tatizo la magugu yenye majani mapana wala membamba. Nyoka anaonekana, kifaranga kilichopotea kinaonekana, na mgeni anaonekana kabla hajapiga hodi. Gharama yake ni ufagio wa vijiti. Ndiyo maana uwanja huo haujawahi kuandikiwa mwongozo, na hakuna muuza pembejeo aliyesomesha watoto kwa sababu yake.

Basi panda ukoka. Zipo nyasi za kununua, hiyo pasipalamu na nyinginezo, lakini ukoka una sifa moja inayomfaa mtu aliyetoka kulipa fundi: haununuliwi. Uko shambani kwako. Asubuhi utatoka na jembe kwenda kuung'oa kwenye mahindi, kwa hasira, huku mizizi yake inayotambaa chini kwa chini ikikukatikia mkononi na kila kipande kilichobaki ardhini kikijiandaa kuchipua. Jioni utavichukua vipande hivyohivyo, utavilaza kwa mistari mbele ya baraza, utavimwagia maji ya ndoo na kumkemea mtoto asivikanyage. Jirani akiuliza, mwambie ule wa shambani ni gugu na huu wa nyumbani ni bustani. Akicheka, mwambie ni mambo ya kitaalamu. Na kweli ni ya kitaalamu: mwanafunzi yeyote wa kilimo atakuambia kwamba gugu ni mmea ulioota mahali usipotakiwa. Anayetaka na asiyetaka ni mtu mmoja, wewe, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni.

Usione haya, hujaanza wewe. Desturi hii ilikuzwa na mabwanyenye wa Uingereza, waliotaka kila mpita njia aelewe kwamba wana ardhi nyingi kiasi cha kuacha sehemu yake bila kulimwa. Majani yao yalikatwa na vibarua wenye miundu mirefu, au yaliliwa na kondoo. Mwaka 1830 fundi mmoja wa Gloucestershire, Edwin Budding, akaitazama mashine ya kiwandani iliyokuwa ikinyoa manyoya ya vitambaa vya sufu, akaigeuza kuwa mashine ya kukata majani. Kuanzia hapo hata mtu asiye na kondoo wala kibarua aliweza kujipatia kazi isiyo na mwisho.

Kuhusu maadui, Wamarekani walitupita wote. Kabla ya vita vya pili vya dunia, mbegu za bustani zao ziliuzwa zikiwa zimechanganywa na klova, mmea mdogo wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo. Vita vilipokwisha ikaja sokoni dawa iitwayo 2,4-D, inayoua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi. Klova ina majani mapana, ikafa pamoja na wengine. Sasa mtu angetarajia dawa ilaumiwe. Badala yake klova ikatangazwa kuwa gugu, na mpaka leo wapo wanaolipa pesa kuiondoa na kulipa tena kununua mbolea ya kufanya kazi ambayo klova ilikuwa ikiifanya bure. Ishike habari hiyo, utaihitaji utakapofika dukani.

Jinsi ya kukitambua

Kishona nguo kichanga huota na vijani viwili vyembamba, virefu, visivyo na dalili yoyote ya uovu. Yanayofuata ndiyo majani yenyewe: hukaa mawili mawili, yakitazamana kwenye shina, na kila jani hugawanyika kuwa vijani vitatu, pengine vitano, vyenye kingo za meno meno. Shina lina pembe nne, nawe utalihisi ukilizungusha kati ya vidole. Mmea ukiachwa hufika kiunoni. Ua lina kitovu cha njano, na mara nyingine petali chache nyeupe zimekizunguka, mara nyingine hazipo kabisa.

Tahadhari mbili. Vijani vitatu hadi vitano vyenye meno, mmea wa kijani kibichi, umeota nyuma ya ukuta mrefu wenye geti: mgeni mwenye mawazo yake anaweza kukutazama mara mbili. Mwonyeshe ua. Pili, usikichanganye na mbangi mwitu, ambao nao hupenda mashamba yetu. Huo ukiuvunja unanuka mpaka jikoni, na majani yake yamekatika vijani vingi vyembamba zaidi. Ikiwa umevunja kitu na sasa mke wako anauliza kuna nini nje, hicho si kishona nguo.

Wasiopenda botania wana kipimo kingine, cha uhakika zaidi, kinachofanywa kuanzia mwezi wa tano mvua zinapokwisha. Vaa suruali ya kitambaa, ile ya kanisani. Katiza bustani kutoka getini mpaka mlangoni. Kaa kwenye kiti, inama, tazama pindo. Ukiona vijiti vyeusi vyembamba, vya urefu wa sentimita moja hivi, vimejipanga kuanzia kwenye kifundo cha mguu mpaka gotini, umekitambua. Kila kijiti ni mbegu. Kwenye ncha yake kuna miiba miwili au mitatu, na kila mwiba una vijimeno vinavyoelekea nyuma, kwa hiyo kuingia kwenye kitambaa ni rahisi na kutoka ni kwa kuvutwa mmoja mmoja. Kazi hiyo hufanywa barazani, na anayeifanya huizidishia maneno.

Mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, Georges de Mestral, alirudi kutoka matembezini akiwa na mbwa wake, wote wawili wamegandwa na mbegu za mmea wa kwao ulio wa ukoo mmoja na kishona nguo na alizeti. Akazitia kwenye darubini, akaona vindoano, na baada ya miaka mingi ya kuhangaika akapata hataza ya ule mkanda wa kubandua na kubandika ulioko kwenye viatu vya watoto na mabegi ya shule. Sisi tumetoa mbegu hizi kwenye suruali tangu utotoni na kilichopatikana ni matusi tu. Nayataja hayo ili kesho ukiwa unachomoa, uchomoe kwa makini kidogo.

Mgeni asiyetulia

Wilaya ya Mbozi imezoea wageni wa mbali. Kimondo kilichoko Ndolezi, chuma chenye uzito wa zaidi ya tani kumi, kilitoka mbinguni, kikaanguka mara moja na kutulia. Watu wanalipa kiingilio kukitazama. Kahawa ilitoka mbali, mahindi yalitoka mbali, nayo yalipofika yakaomba kulimwa. Kishona nguo ni mgeni wa aina nyingine. Hakiombi kupandwa, hakikai kilipofikia, na hakijawahi kumlipia mtu ada.

Siri yake iko kwenye mbegu. Mmea mmoja uliostawi unaweza kutoa mbegu 3,000 na zaidi, na kutoka kuota mpaka kukomaa haumalizi msimu. Mvua ikikaa vizuri hupata vizazi zaidi ya kimoja kwa mwaka. Halafu kuna ujanja ambao ungemfaa mfanyabiashara wa mpakani: katika kichwa kimoja cha ua mna mbegu za aina mbili. Zile ndefu za katikati huota upesi zikipata unyevu. Zile fupi za pembeni hulala. Kwa hiyo ukizing'oa zote zilizoota mwezi wa kumi na mbili ukajipongeza, umeshughulikia kundi la kwanza tu. Kundi la akiba liko udongoni, linakusikiliza ukijisifu.

Mbegu hizo pia hupenda mwanga. Zilizofukiwa chini sana nyingi hazioti, zilizoko juu juu huota. Kila unapochokonoa bustani kwa jembe unazipandisha zile za chini zije zione jua. Mtu anayelima bustani yake yote ili aanze upya bila magugu huwa anaanza upya na magugu.

Jinsi kinavyofika kwako

Mwenye bustani akiulizwa kishona nguo kimetoka wapi, humtazama jirani. Ni kawaida, na mara nyingine ni kweli. Lakini kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, pitia orodha ya wanaoingia getini kwako bila kukaguliwa. Yupo mbuzi aliyekatiza kupitia upenyo wa ukuta. Yupo mbwa, na manyoya yake. Yupo kijana wa bodaboda aliyekuletea gesi akiwa amepita njia ya mkato ya shambani. Upo udongo ulioletwa na lori kusawazisha uwanja, na wewe hukuuliza umechimbwa wapi. Ipo samadi mbichi uliyoimwaga kwa moyo mweupe ili ukoka ushamiri; ng'ombe alikula alichokuta, na zizi halichambui. Na uko wewe, na suruali ya kanisani.

Pale Tunduma, tangu mwaka 2019, Tanzania na Zambia zina kituo cha huduma za pamoja ili mzigo ukaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Kishona nguo kilivuka muda mrefu kabla, bila kusimama foleni, pande zote mbili, kwenye soksi.

Hata hivyo hawa wote ni wabebaji tu. Kinachokifungulia mlango ni upara. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi hakuna mvua, maji ya ndoo yana kazi nyingine, na ukoka unakauka kuwa wa kahawia. Pale watoto wanapochezea mpira, pale gari linapogeuzia, pale fundi alipochanganyia zege, panabaki udongo mtupu. Mvua za mwezi wa kumi na moja zinaponyesha, wa kwanza kuota ni yule aliyekuwa tayari ametawanya mbegu, wala si ukoka uliopanda kwa mistari.

Namna za kukiangamiza, kuanzia zisizofaa

Inayopendwa kuliko zote ni kufyeka. Unamwita kijana mwenye slesha mwezi wa nne, kishona nguo kimejaa maua na mbegu nyeusi, unamwambia ashushe chini kabisa, mpaka udongo uonekane, ili thamani ya pesa ionekane pia. Kijana anafyeka kwa nguvu. Mbegu zinaruka huku na huku, nyingine zinaondoka naye kwenye kaptula kwenda bustani inayofuata, na ukoka ulionyolewa mpaka mizizi unaacha mapengo ya kutosha kuzipokea zilizobaki. Hutapata mpanzi wa kishona nguo hodari kuliko huyo, na umemlipa.

Inayofuata ni glaifoseti, ambayo wengi huiita Roundup hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Utaiona kila duka la pembejeo kuanzia Mlowo mpaka Tunduma, maana wakulima huitumia kusafisha shamba kabla ya kupanda. Dawa hii haibagui. Ikigusa jani la kijani lililo hai, pana au jembamba, imelimaliza. Ukipiga bustani nzima, kishona nguo kitakufa, ukoka utanyauka, na baada ya majuma machache utakuwa na uwanja mtupu, safi, mwekundu, sawasawa na ule wa baba yako, isipokuwa wa kwako umegharimu bomba, dawa na fundi. Mbegu zilizolala udongoni hazikuguswa. Zinasubiri mwezi wa kumi na moja.

Sasa tuje kwenye 2,4-D, ile ya klova, maana ndiyo dawa hasa ya majani mapana na muuzaji atakutajia kabla hujamaliza sentensi. Hufanya kazi kwa kuiga homoni ya ukuaji ya mmea. Kishona nguo kikiipata hujikunja, shina linajipindapinda, kinakua ovyo mpaka kinakufa kwa kukua. Ukoka uliokwisha kushika unaistahimili. Uliopandwa juzi unaweza kuumia, kwa hiyo acha kwanza ukatwe mara kadhaa. Inafaa zaidi kishona nguo kikiwa kichanga, chenye majani machache. Kikishafika kiunoni na kutoa mbegu, unapulizia msiba uliokwisha kuzikwa.

Masharti yake ni haya. Nunua chupa iliyofungwa, yenye lebo inayosomeka na namba ya usajili. Wanaosajili ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na kilichopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa hakijasajiliwa na yeyote. Kipimo kiko kwenye lebo, si kwenye kizibo, wala si kwenye kumbukumbu za mtu aliyewahi kukifanyia kazi mwaka juzi. Vaa mabuti, glovu na nguo za mikono mirefu. Piga asubuhi tulivu, isiyo na upepo, siku isiyo na dalili ya mvua.

Hilo la upepo lisome mara mbili, kwa sababu Nanyala si kitongoji cha Marekani chenye bustani mkabala na bustani. Ng'ambo ya ukuta wako kuna maharage. Pembeni ya maharage kuna nyanya, na kwa wengine kuna miche ya kahawa. Vyote hivyo vina majani mapana, na 2,4-D haijui mpaka wa kiwanja. Ukungu wake unaopeperuka kwa kiasi kidogo tu hutosha kuzikunja nyanya. Halafu kuna bomba lenyewe: ukilitumia kwa 2,4-D, ukalisuuza harakaharaka, na wiki ijayo ukapigia nyanya dawa ya ukungu kwa bomba hilohilo, utajionea mwenyewe jinsi mabaki kidogo yanavyofanya kazi. Mwenye busara huwa na bomba la viuagugu peke yake. Mwenye busara zaidi haanzi kazi hii kwa ajili ya uwanja wa hatua kumi na tano.

Na usidhani dawa ikishindwa suluhisho ni kuongeza kipimo. Kule Brazili, kwenye mashamba ya soya, mwaka 1993 walithibitisha kishona nguo kilichokuwa sugu kwa kundi zima la viuagugu walivyokuwa wakivitegemea. Kupiga aina moja miaka nenda miaka rudi ni kuchagua kwa mkono wako mimea isiyoisikia, kuitunza, na kuiachia kiwanja.

Mama mkwe

Namna inayofanya kazi kuliko zote haiuzwi, lakini inakuja yenyewe kwa basi, kwa kawaida mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza, ikiwa na kapu na kuku.

Mama mkwe anashuka, anaingia getini, unamwamkia shikamoo ukiwa umeinama, anaitikia marahaba mwanangu, kisha anatazama. Anaona nyumba nzuri. Anaona imezungukwa na ukoka. Ni mtu mzima mwenye adabu, hasemi kitu mbele yako. Atamwuliza binti yake jikoni kwa sauti ya chini kama mumeo anaumwa, mbona hata uwanja mmeshindwa kupalilia. Halafu asubuhi, kabla jua halijawa kali, utamkuta katikati ya bustani, khanga kiunoni, anachuma.

Anachuma kishona nguo. Anachukua vile vichanga, kabla ya ua, vikonyo laini. Anavichemsha, maji ya kwanza anamwaga kwa sababu ya uchungu, anavirudisha jikoni na nyanya na kitunguu, anamalizia kwa karanga zilizotwangwa, na mchana mnakula na ugali. Ni mboga ya miaka mingi katika sehemu nyingi za Afrika, hasa mwanzoni mwa mvua, wakati mchicha wa kupandwa bado haujafika na akiba ya nyumbani imepungua. Wewe uliyekuwa unakwenda kununua dawa ya kukiua utaongezewa kwenye sahani, na huwezi kumkatalia mama mkwe.

Akikaa wiki mbili, bustani imetakata. Amefanya kila kitu ambacho mtaalamu angekuagiza: amekitoa kikiwa kichanga, amekitoa kabla ya mbegu, amepita kila baada ya siku chache akiwafuata waliochelewa kuota, na hakuchokonoa udongo. Vilivyokomaa, ambavyo havifai kwa mboga, amewatupia sungura na nguruwe kabla havijafunga mbegu. Hakuna kampuni inayoweza kukupa huduma hiyo.

Hapa mzaha unasimama kidogo. Ikiwa umepiga dawa yoyote, mwambie kila mtu nyumbani siku hiyohiyo: mama mkwe, dada wa kazi, watoto, na jirani anayekuja kuomba majani ya sungura. Nanyala hakuna anayetazamia kwamba mboga iliyoota mbele ya nyumba ya mtu mzima imepigwa sumu. Weka alama, funga mbuzi, na kisichumwe kitu humo. Ukishindwa kuwaambia wote, usipige.

Kwa wasio na mama mkwe

Wapo waliooa mbali, na wapo wasiooa. Hao watang'oa wenyewe. Subiri siku moja baada ya mvua, udongo ukiwa umelainika. Kishona nguo hakina mzizi wa kutisha, ukishika karibu na ardhi na kuvuta taratibu kinatoka kizima. Ukikivuta kwa hasira kitakatika na kuchipua kutoka kwenye maungo ya chini, na kitarudi kikiwa na matawi mengi kuliko mwanzo. Vyenye mbegu nyeusi vitie kwenye kiroba moja kwa moja, usivirundike kwenye shimo la mboji ukitumaini vitaoza na mbegu zake. Mboji ya nyumbani mara nyingi haipati joto la kuziua, na mwakani utakuwa unazirudisha bustanini kwa toroli.

Ukoka ukate mara kwa mara lakini usiunyoe. Ukiuacha na urefu wa sentimita tano hivi unafunika udongo, na mbegu inayotaka mwanga inakosa. Mapara yazibe kwa vipandikizi mvua za kwanza zinapoanza, si mwezi wa tatu. Samadi iache iive kwanza. Ukimwita kijana wa slesha, mwite kabla ya maua, na umwombe akung'ute kaptula nje ya geti, akiingia na akitoka. Atakushangaa. Wewe si ndiye mwenye bustani? Zoea kushangaliwa.

Fanya hivyo misimu miwili mitatu mfululizo bila kuruhusu hata mmea mmoja kufunga mbegu, na akiba iliyoko udongoni itapungua sana, ingawa chache zinaweza kukaa miaka kadhaa zikisubiri. Ukiruka msimu mmoja kwa sababu ulisafiri, unaanza upya.

Na ikiwa umesoma mpaka hapa, ukapiga hesabu ya vibarua, maji ya kiangazi, glovu na heshima yako mbele ya utingo, ukaona ni nyingi mno, njia nyingine ipo. Kiwanja cha hatua kumi na tano kinatosha maharage ya kula nyumbani, ila kumbuka kwamba ukoka ulioupanda mwenyewe sasa ndio gugu, nao hautoki kwa kuvutwa siku moja. Kwa ushauri wa kuutoa, muone bwana shamba wa kata. Mweleze kwamba ni shamba. Ukimwambia ni bustani, atakupa pole na kuendelea na safari.